Nenda jikoni kwao: jinsi ya kuanza kutambua miti na ndege wa Zigi na Amani

Mwaka niliponunua darubini yangu ya kwanza nilikuwa nakimbiza ndege. Nikisikia mlio kushoto, mbio kushoto. Ukihamia kulia, nami huyo kulia. Ikifika saa nne asubuhi shingo imekakamaa, na nilichoona ni mkia wa kitu fulani ukipotelea kwenye majani. Siku moja nilikuwa katika hali hiyo hiyo barabarani Zigi, bonde la chini la milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Mzee mmoja alikuwa anashuka na mkungu wa ndizi begani, akanikuta nimeinua uso juu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini huko juu?”

“Namtafuta hondohondo.”

“Mimi nikikutaka wewe saa ya mchana, nikutafute wapi?”

Nikafikiri. “Labda kwa mama ntilie.”

“Haya. Na wewe nenda jikoni kwao.” Akanyoosha kidevu kuelekea mkuyu uliokuwa ng’ambo ya mto, akaendelea na safari yake.

Nilikaa karibu na mkuyu ule chini ya saa moja, nikaona ndege wengi kuliko niliowaona wiki nzima. Tangu hapo siku yangu huanza na mti. Maelekezo yafuatayo yamefuata njia hiyo, kutoka Zigi chini hadi Amani juu kwenye mashamba ya chai, kwa mtu ambaye hajawahi kutambua ndege wala mti wowote zaidi ya mwembe na kunguru.

Kwanza ujue ulipo. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ina hekta 8,380, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Inaanzia chini kabisa, kama mita 200 juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi zaidi ya mita 1,000. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima mikongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi unapogonga milima hii hupanda, hupoa na kumwaga mvua, ndiyo maana msitu umedumu hapa muda mrefu kiasi cha kuwa na mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani.

Hatua ya 1: Panga siku

Epuka masika kama unaweza. Machi hadi Mei barabara ya Muheza kwenda Amani huwa tope tupu, na ndege hujificha mvua kama sisi. Juni hadi Septemba ni kipindi kizuri kwa miguu yako. Kuanzia Septemba kuelekea vuli ni kizuri kwa masikio, kwa sababu ndege wengi huanza kuimba wakijiandaa kuzaa.

Lala Zigi au fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lipa kiingilio getini, chukua risiti, na uombe mwongozaji. Watu wanabana pesa hapa na mimi nadhani wanakosea. Mwongozaji anayeishi bondeni anajua jambo moja usiloweza kulipata popote: wiki hii ni mti gani umezaa. Hilo liwe swali lako la kwanza kwake, kabla hata hujauliza choo kiko wapi.

Vaa suruali ndefu na uchomeke miguu yake ndani ya soksi. Siafu wa Zigi hawana taarifa kwamba wewe ni mgeni. Ukiona ganda kama la kunde lenye manyoya ya dhahabu limening’inia kando ya njia, usiliguse hata kidogo: ni upupu, na utajikuna mpaka usahau ulichokuja kufanya. Nguo ziwe za rangi iliyofifia. Darubini ya kuazima inatosha, namba 8x42 ikipatikana, yaani inayokuza mara nane na yenye vioo vya mbele vya milimita 42. Daftari na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hugoma karatasi ikishika unyevu. Kama unatumia programu ya simu ya kutambua ndege au mimea, pakua kila kitu ungali mjini.

Hatua ya 2: Kaa kwenye mkuyu, usiondoke

Mkuyu ni mti rahisi kuanza nao. Hupenda kando ya mto. Gome lake lina rangi ya manjano iliyochanganyika na kijivu, hubanduka kwa vipande vyembamba kama karatasi, na shina lake ni nene lililotanuka chini. Lakini alama kubwa ni matunda: makuyu hayakai ncha za matawi kama maembe, yanajibana kwa vishada moja kwa moja kwenye shina na matawi manene. Ukikwaruza tawi utaona utomvu mweupe.

Okota kuyu lililoanguka, lipasue kwa kidole. Ndani utakuta vitu vidogo vidogo vimejipanga kama nywele za brashi: hayo ndiyo maua ya mkuyu. Mti huu umeyaficha maua yake ndani ya tunda. Ukitazama vizuri utaona na kidudu kidogo cheusi, pengine bado kinatembea. Ni nyigu mdogo kuliko punje ya ulezi. Jike lake hujipenyeza kwenye tundu la ncha ya tunda likiwa bado changa, mbawa zikikatika kwa kubanwa, akachavusha maua, akataga mayai na kufia humo. Bila nyigu huyu mkuyu hauzai mbegu, na bila mkuyu nyigu huyu hana pa kuzalia.

Sasa rudi nyuma hatua ishirini hivi, ukae mahali jua liko mgongoni kwako, na utulie. Mikuyu haizai yote kwa msimu mmoja. Huu ukimaliza, ule wa kona ya pili unaanza, ndiyo maana mwaka mzima kuna mahali pa kula. Wateja huja kwa zamu.

Wa kwanza huwa shore. Kichwa cheusi, mgongo wa kahawia, na chini ya mkia doa la manjano kama mtu aliyekalia rangi. Huyu unamfahamu tayari, yuko hata kwenye mipapai ya Muheza mjini. Mtazame vizuri kwa sababu atakuwa rula yako: kila ndege mwingine utamlinganisha naye, mkubwa kuliko shore, mdogo kuliko shore, mkia mrefu kuliko wake.

Ninga huwezi kumwona mpaka ajongee. Ni njiwa wa kijani aliyekolea rangi ya majani yenyewe, na kundi la ninga kumi linaweza kuwa juu ya kichwa chako bila wewe kujua, hadi makuyu yaanze kudondoka. Ukisikia tunda linaanguka na hakuna upepo, tafuta ninga au kima.

Kulukulu ndiye atakayekufanya uitane watu. Mwili wa kijani, ushungi kichwani wenye rangi nyekundu, na anatembea juu ya tawi kwa kukimbia kama panya. Aina ya hapa ni kulukulu wa Fischer, ambaye makazi yake ni ukanda wa pwani na vilima vya Kenya na Tanzania. Akiwa ametua unaona kijani. Akiruka, mbawa zinafunguka na kutoa wekundu ambao huwezi kusema ulikuwa umefichwa wapi. Wekundu ule ni rangi halisi yenye madini ya shaba ndani yake, inayopatikana kwa ndege wa ukoo huu tu.

Na hondohondo? Huyo anastahili hatua yake peke yake.

Hatua ya 3: Tenganisha hondohondo wawili

Wageni wengi huandika “hondohondo” na kufunga daftari. Zigi wako wa aina mbili wakubwa, na kuwatofautisha ni zoezi zuri la kufundisha jicho.

Tazama tumbo kwanza. Hondohondo mwenye tumbo jeupe kuanzia kifuani kushuka, mdomo wa kijivu cha giza, na ngozi ya waridi kuzunguka jicho, ni hondohondo tarumbeta. Akiruka, ukingo wa nyuma wa mbawa zake una mstari mweupe. Mlio wake ni wa mtoto mchanga anayelia kwa kudeka. Watu wamewahi kusimamisha gari wakidhani kuna mtoto ametelekezwa msituni.

Akiwa mkubwa zaidi, kifua cheusi mpaka karibu na miguu, weupe uko mgongoni chini na tumboni nyuma tu, na juu ya mdomo amebeba kofia kubwa ya rangi ya krimu, huyo ni hondohondo wa mashavu ya fedha. Dume ndiye mwenye kofia kubwa. Ya jike ni ndogo, haifiki mbali. Huyu utamsikia kabla ya kumwona, kwa mbawa zake: hewa inapita katikati ya manyoya makubwa na kutoa sauti ya kuvuta na kusukuma, kama fundi chuma anayevukuta moto. Mara ya kwanza niliinama.

Maisha ya huyu wa pili yalichunguzwa hapa hapa Amani na Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani miaka ya 1930. Jike huingia kwenye pango la mti mrefu, na mlango huzibwa kwa udongo hadi ubaki ufa mwembamba. Dume humeza udongo, anautengeneza vidonge kooni, anavitapika kimoja kimoja na kumpa mkewe apige lipu kutoka ndani. Kisha kwa zaidi ya miezi mitatu dume analisha kupitia ufa ule. Anatua, anatikisa kichwa, tunda moja linapanda kooni, analipenyeza, anatikisa tena. Ukiona dume anakwenda na kurudi kwenye shina lile lile, na chini ya shina kumejaa mbegu na kinyesi, kaa mbali na usipige picha karibu. Ndani kuna familia isiyoweza kutoka.

Kumbuka hizo mbegu chini ya shina. Tutazirudia.

Hatua ya 4: Shuka mtoni, tazama chini

Mto Zigi unaotiririka hapa ndio unaojaza bwawa la Mabayani, linalopeleka maji jiji la Tanga. Tembea kando yake taratibu, na safari hii macho yawe kwenye mawe.

Juu ya mwamba wenye kivuli na ukungu wa maji, tafuta majani manene ya mviringo yenye manyoya laini, yamejipanga duara kama sahani, hayazidi upana wa kiganja. Likiwa na ua, ni la zambarau lenye petali tano na nukta mbili za manjano katikati. Hilo ndilo ua la Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao Ujerumani kwa baba yake, mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu *Saintpaulia* kwa heshima ya ukoo wao, na leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani kwenye vikopo vya plastiki. Wataalamu wa mimea siku hizi wamelihamishia kwenye jenasi ya *Streptocarpus*, lakini wauza maua hawajajali.

Hapa lilipozaliwa ni adimu. Kila mwamba una kundi lake dogo, na ukikata miti ya juu jua likapiga mwamba, kundi lote linakauka. Usikanyage utando wa kijani ulioota juu ya mawe hayo, na usichomoe hata jani. Najua linaota kutoka kwenye jani moja, ndiyo maana nasema hata jani.

Karibu na hapo utaona kangaga mti: shina kama la mnazi mwembamba na juu yake mwavuli wa majani ya kangaga. Jani changa linatoka limejikunja kama kichwa cha fidla. Usilishike shina kwa kujisaidia kupanda, lina miiba.

Ndege wa mtoni ni wachache lakini hawachoshi. Mdiria hukaa kwenye tawi lililoinamia maji, kichwa kimeinama, haongei. Ukimkaribia anaruka chini chini, mstari wa bluu juu ya maji, na kutua mita hamsini mbele. Mfuate mara mbili, tatu. Mwisho wa eneo lake atageuka na kurudi nyuma yako. Juu ya mawe katikati ya mkondo kuna ndege mwembamba wa kijivu na nyeupe, mwenye mkia mrefu usiotulia sekunde moja, juu, chini, juu, chini. Huyo hana haja ya darubini.

Hatua ya 5: Jifunze mti kwa miguu yake

Ukiingia msituni penyewe, majani yako juu mita thelathini na hayakusaidii. Watu wa misitu hutambua mti kwa kutazama mizizi, gome na kilichoanguka chini. Fanya hivyo hivyo. Simama kwenye shina, uliza maswali matatu: mguu wake ukoje, ngozi yake ikoje, ameangusha nini?

Mnyasa una mizizi iliyosimama kama mbao pana kuzunguka shina, mingine mirefu kuliko mtu, unaweza kujificha mvua katikati yake. Majani yake ni madogo sana, kama ya mkwaju lakini membamba zaidi, na chini utakuta mbegu nyekundu za kahawia zenye bawa jembamba linalozunguka likianguka. Hupenda mabonde yenye maji.

Mgude ni wa chini, usitarajie kuukuta juu Amani. Shina limenyooka kama nguzo ya umeme, laini, la manjano, bila tawi mpaka juu kabisa. Ukishauona mmoja hutaukosea tena.

Mvule kila mtu anaujua akiwa mlango au kitanda, ukiwa hai wanaupita. Gome la kijivu giza, utomvu mweupe, na mara nyingi utaukuta umeachwa peke yake katikati ya shamba. Matunda yake huliwa na popo usiku, nao ndio wanaotawanya mbegu zake.

Mtambara ni fahari ya Usambara Mashariki. Ni jamaa wa mkungumanga, haupatikani nje ya milima michache ya Tanzania, na ni miongoni mwa miti mirefu ya msitu huu. Ukiona mti uliokwenda juu ukapita wenzake wote, umuulize mwongozaji, jibu mara nyingi litakuwa ni huo.

Halafu msambu. Huu hutautambua kwa shina, utautambua siku tunda lake litakapoanguka nyuma yako. Ni tunda la kahawia, umbo la soseji nene au papai refu, na linaweza kuwa na uzito wa kilo kadhaa. Usipumzike chini ya msambu uliozaa. Lipasue lililokwisha kuanguka: ndani kuna utelezi kama wa jeli na mbegu nyingi kubwa. Mbegu zina mafuta yanayoganda kama samli, na wanakijiji wa milima hii wamekuwa wakiyatumia tangu zamani. Miaka ya 2000 viwanda vya siagi ya mimea vilianza kuzinunua. Panya buku nao wanazipenda, wanazibeba na kuzifukia, nyingine wakazisahau. Msambu una miti dume na miti jike, kwa hiyo usishangae ukikaa miaka mingi na msambu wako usioangusha kitu.

Jina la kitaalamu la msambu ni *Allanblackia stuhlmannii*. Stuhlmann huyo ni Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyekuwa kiongozi wa taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa Amani mwaka 1902. Na hapo tunaingia kwenye jambo linalowapotosha wengi.

Hatua ya 6: Usidanganyike na wageni

Ukiwa unapanda kutoka Zigi kwenda Amani, sehemu kubwa ya kijani unachokisifu kando ya barabara hakikuota hapa chenyewe. Taasisi ile ya Wajerumani ilipanda bustani ya miti ya majaribio kutoka kila pembe ya dunia: mpira, karafuu, mdalasini, mianzi, mbao za kila aina. Mingi ilibaki palepale ilipopandwa. Michache ilitoroka.

Mtoro mkuu ni mhesi, *Maesopsis eminii*. Kwao ni Kagera, Uganda na Kongo, na Waganda wanauita musizi. Uliletwa Amani mwaka 1913, baadaye ukapandwa kwa wingi kuziba sehemu zilizokatwa mbao. Unakua haraka kuliko karibu mti wowote wa asili wa hapa. Utambue hivi: shina limenyooka, gome la kijivu hafifu lenye mifereji ya kwenda chini, jani moja moja lenye kung’aa na ukingo wenye meno mapana kama msumeno butu, na tunda dogo la mviringo, kama zeituni, linalotoka kijani kwenda manjano hadi zambarau iliyokolea.

Na nani analipenda tunda la zambarau iliyokolea? Hondohondo wa mashavu ya fedha. Anameza mzigo mzima, anaruka bonde hadi bonde, anatapika mbegu moja moja juu ya msitu ambao haukuguswa na shoka. Zile mbegu chini ya pango la jike nilizokuambia uzikumbuke, ziokote kwa kijiti uzihesabu: mara nyingi za mhesi ni nyingi kuliko zote. Ndege wa asili ndiye anayempandia mgeni shamba. Nilipolielewa hili nilikasirika na hondohondo kwa muda, jambo la kijinga kabisa, kwa sababu yeye anakwenda jikoni tu.

Fanya zoezi hili njiani. Chagua sehemu mbili, moja karibu na barabara na nyingine ndani msituni. Kila sehemu pima mraba wa hatua kumi kwa kumi, hesabu miche isiyofika kiunoni, uandike mingapi ni mhesi. Ikiwa hujui mche ni wa nini, andika “sijui”. Dakika ishirini za kuhesabu zitakufundisha msitu kuliko siku nzima ya kupiga picha.

Mgeni mwingine wa chini ni kichaka chenye majani yenye manyoya magumu na mishipa mitano iliyokwenda pamoja kutoka kikonyo hadi ncha, na vitunda vya bluu giza. Ni *Clidemia hirta*, asili yake Amerika. Utamkuta kila palipofunguka jua.

Hatua ya 7: Kaa kimya, sikiliza

Saa tatu hadi saa nne msitu huonekana umekufa. Usitembee. Keti robo saa nzima kwa saa, bila kuongea.

Kitakachokuja ni kundi mchanganyiko: ndege wa aina nyingi wanaosafiri pamoja wakitafuta wadudu. Litafute kwa mlamba, ndege mweusi mtupu, mkubwa kidogo kuliko shore, anayekaa wima kwenye tawi lililo wazi na kuruka kudaka wadudu walioshtuliwa na wenzake. Mlamba ana kelele, na wengine humkusanyikia kwa sababu yeye ndiye mlinzi. Ukimwona, mwache, tazama kila tawi linalotikisika chini na juu yake.

Sauti nyingine za kuanza nazo: dudumizi, ambaye pwani wengi humwita tipitipi, analia kwenye vichaka kwa sauti inayoshuka kama maji yanayomwagwa kwenye chupa. Wazee husema analeta mvua. Kwa Amani, ukitabiri mvua, huwezi kukosea sana. Kurumbiza, kifua cha rangi ya chungwa, anaiga wenzake hata ukadhani kuna ndege watano. Na ukisikia mlio wa filimbi unaopanda na kushuka kutoka juu sana mbinguni, huku kima na mbega wamenyamaza ghafla, inua macho: ni tai wa msitu mwenye ushungi, anayewinda wanyama kama hao. Kunyamaza kwa kima ni kiashiria kizuri kuliko mlio wenyewe.

Chozi wako kila palipo na maua. Utaanza na wale wa bustanini, wanaong’aa kijani na zambarau. Yuko mmoja aliyepewa jina la hapa, chozi wa Amani: dume ana kichwa na koo la kijani lililokolea karibu jeusi, na tumbo jeupe safi. Huyu hashuki bustanini, anakaa kileleni mwa miti mirefu, kwa hiyo tenga shingo.

Hatua ya 8: Andika vibaya, lakini andika

Usisubiri kuwa na uhakika. Ukurasa wangu wa siku moja unasema hivi: “Zigi, saa 1:20, mawingu. Mkuyu wa mtoni, makuyu mekundu. Hondohondo 2, kifua cheusi, wanameza zima. Ninga 6 au zaidi. Ndege mdogo kuliko shore, kijani, mdomo mnene, *chop chop chop* kama mtu anakata kuni mbali, simjui.” Yule nisiyemjua nilimpata miezi mitatu baadaye, zuwakulu kijani, kwa sababu niliandika kuni. Kama ningeandika “ndege wa kijani” ningekuwa bado namtafuta.

Andika daima na mti aliokuwamo, na kama alikuwa anakula, kupumzika au kupita tu.

Jioni fika juu, ukae ukingoni mwa shamba la chai panapobaki mishai mikubwa, ile miti yenye kilele bapa kama meza, iliyoachwa kwa ajili ya kivuli. Kuanzia saa kumi na moja na nusu hondohondo huanza kurudi kulala, wawili, watatu, kisha mstari mrefu, mbawa zikifua hewa juu ya bonde. Wahesabu. Lakini usafiri wa kushuka Muheza uwe umeuulizia asubuhi na dereva umepatana naye saa, maana hakuna wa kukusubiri. Mara ya mwisho nilifika 19, honi ikapigwa.